Kabla ya Kumwaga Zege: Utafiti wa Watumiaji na Mahali pa Kusomea Vyuoni Mtwara

Kimbweta ni meza ya zege yenye viti vya zege pembeni, vyote vimejengewa ardhini, mara nyingi chini ya mwembe au mkorosho. Vyuo vya Tanzania visivyo na vimbweta ni vichache, na mwanafunzi akiulizwa usiku wa kuamkia mtihani alikuwa wapi, mara nyingi hujibu kwa neno moja: vimbwetani. Hapo ndipo maswali ya mitihani iliyopita hukokotolewa kwa pamoja, kazi za vikundi hugawanywa, na aliyekosa kipindi hueleweshwa na mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Maktaba ina vitabu na ukimya, kimbweta kina mazungumzo. Kwa kijana anayelala chumba cha watu wanne hosteli, au aliyepanga chumba kimoja mtaani ambako redio ya jirani haizimwi, mahali hapa pawili ni sehemu ya elimu yenyewe.

Mji wa Mtwara una Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, STEMMUCO, kilichoanza mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kuna pia tawi la Taasisi ya Uhasibu, vyuo vya ualimu, na kituo cha Chuo Kikuu Huria kinachohudumia watu waliotawanyika hadi Newala, Masasi na vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma. Chuo chochote kati ya hivi kikipata fedha kidogo za kuboresha mahali pa kusomea, njia nyepesi ni kumwita fundi uashi na kuagiza vimbweta zaidi. Saruji hutengenezwa Mtwara kwenyewe, katika kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa mwaka 2015, na zege halihami wala haliibiwi. Tabu ni kwamba kosa la zege nalo halihami. Kimbweta kilichowekwa pasipofaa kitakaa hapo miaka 30, juu yake kukiwa na majani makavu na mijusi. Wiki chache za kuwachunguza watakaokitumia hugharimu kiasi kidogo sana kikilinganishwa na hasara hiyo.

Utafiti wa watumiaji ni kazi ya kujua watu wanafanya nini hasa, wapi, saa ngapi na kwa nini, kabla ya kuamua wajengewe nini. Hauanzi kwa hojaji. Wanafunzi wakipewa karatasi inayouliza wanataka nini, wataandika intaneti ya bure, viyoyozi na soketi, na watakuwa wamesema kweli, ila orodha hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote bila kutoka ofisini. Haisemi kwa nini kimbweta cha karibu na lango hujaa na cha nyuma ya ukumbi hubaki kitupu, ingawa vyote viwili havina soketi.

Kazi huanza kwa kutembea na kuangalia alama. Saa 12 asubuhi, kabla mfagiaji hajapita, eneo la kusomea husimulia usiku wake. Jiwe la ukubwa wa ngumi lililoachwa katikati ya meza linaonyesha kwamba upepo hupeperusha karatasi. Kipande cha boksi juu ya kiti ni ushahidi kwamba zege huchoma mchana au hupoza usiku, au kwamba ncha yake huumiza mapaja baada ya saa moja. Matone ya nta yanaonyesha mahali umeme ulipokatika na watu wakakataa kuondoka. Njia ya mkato iliyochimbika kwenye majani, ikikwepa ile ya saruji, inaonyesha wanafunzi wanatokea wapi kwa kweli. Waya uliopitishwa dirishani kutoka darasani unaonyesha kiu ya umeme kuliko jibu lolote la hojaji. Alama hizi zipigwe picha na ziandikiwe mahali na tarehe. Asiwaelekezee watu kamera anayefanya kazi hii, kwa kuwa vitu vinatosha.

Baada ya alama, hesabu. Mtu mmoja mwenye ramani ya chuo iliyochorwa kwa mkono huzunguka njia ileile kila baada ya saa moja au mbili, tangu asubuhi hadi saa 5 usiku, akiandika ni wangapi wamekaa, wangapi peke yao, wangapi vikundini, nani kakaa sakafuni au ngazini, na viti vipi viko juani. Siku 10 zinatosha kuanzia, mradi Jumamosi na Jumapili ziwemo. Hesabu hii hufichua jambo ambalo idadi ya viti huficha. Tuseme chuo kina vimbweta 12 vyenye viti vinne kila kimoja, jumla viti 48. Saa 10 jioni wanahesabiwa watu 19. Kwa macho ya ofisi, zaidi ya nusu ya viti viko wazi. Lakini watu hao 19 wamesambaa kwenye vimbweta 11, na cha 12 kinaunguzwa na jua. Mwanafunzi anayefika wakati huo huona pamejaa, na hurudi zake hosteli.

Tabia hii haikuanza Mtwara. Mwaka 1966 Nancy Jo Felipe na Robert Sommer walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika maktaba ya chuo nchini Marekani: mtu alikwenda kukaa karibu mno na mwanafunzi aliyekuwa peke yake mezani, na wengi wa waliosogelewa hivyo walikusanya vitu vyao na kuondoka kabla ya nusu saa kwisha. Aliyekaa peke yake kwenye meza ya watu wanne ameichukua yote. Pwani hii huenda mtu akapiga hodi na kukaribishwa upesi zaidi, lakini hilo ni la kuhesabu, si la kudhani. Kama hesabu inaonyesha wengi husoma peke yao adhuhuri, basi chuo kinahitaji ubao mrefu wa kusomea ukutani wenye viti vya upande mmoja, na vimbweta vya ziada havitasaidia kitu.

Mahojiano huja baada ya hapo, na swali zuri kuliko yote ni dogo: jana ulisoma wapi? Mtu akianza na jana hasemi nia, husimulia. Aliamka saa ngapi, alikwenda wapi kwanza, alikuta nini, alihama kwa sababu gani, alikula wapi, bando liliisha saa ngapi, alirudi na nani. Kila anaposema alihama, mtafiti anyamaze na kumwacha aendelee, maana kila kuhama kuna kasoro ya mahali nyuma yake. Maneno kama "huwa napenda kusoma maktaba" yaandikwe, kisha yarudishwe kwenye siku halisi: mara ya mwisho ilikuwa lini?

Mahojiano hayo yafanyike kwa Kiswahili. Masomo ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayehojiwa kwa Kiingereza hujibu kama anayejibu mtihani. Nani anauliza nayo ni hoja kubwa. Mshauri wa wanafunzi au mhadhiri mwenye kalamu nyekundu hataambiwa kwamba watu hulala juu ya meza za maktaba, wala kwamba kuna soketi ya ofisi inayotumika kuchajia kompyuta usiku. Ni afadhali wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wafundishwe kuhoji wenzao, wawe wa kike na wa kiume, na wasitoke wote serikali ya wanafunzi. Kumi na tano hadi ishirini wakihojiwa kwa kina, wakichaguliwa kwa tofauti zao, hufaa kuliko karatasi mia tano zilizojazwa haraka mlangoni mwa ukumbi wa mitihani.

Tofauti hizo zitafutwe kwa makusudi. Anayeonekana vimbwetani amekwisha kupata pa kukaa, lakini mwenye habari kubwa ni yule asiyeonekana. Yupo mwanafunzi mwenye mtoto mchanga. Yupo anayetembea kutoka Chikongola au kupanda daladala kutoka Mikindani na anayelazimika kuondoka kabla usafiri haujaisha. Yupo mtumia kiti cha magurudumu ambaye hawezi kusogelea meza iliyozungukwa na viti visivyohama. Yupo mwalimu wa shule ya msingi kijijini Kilambo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, ambaye mahali pake pa kusomea ni darasa lake mwenyewe watoto wakishaondoka, na ambaye hufika Mtwara siku chache tu kwa ajili ya mitihani, akiwa na begi na asijue pa kuketi. Wakihesabiwa waliopo tu, chuo kitawaboreshea wale waliokwisha kufaidika.

Wahojiwe pia wasiosoma. Mlinzi wa usiku anajua ni kimbweta gani hubaki na watu hadi saa 8 na ni kipi wasichana hukikimbia. Mfagiaji anajua maji yanapotuama. Mama ntilie wa nje ya lango anajua saa ambayo vikundi huvunjika kwa njaa. Mkutubi anajua viti vinavyogombaniwa. Watu hawa ni nadra kuitwa kwenye vikao vya ujenzi, na kuwaacha ni kutupa elimu iliyokusanywa kwa miaka.

Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani kiliifanya kazi ya namna hii kwa ukamilifu kuanzia mwaka 2004. Maktaba yake ilimwajiri mwanaanthropolojia, Nancy Fried Foster, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wanafunzi walipewa kamera za kutumia mara moja wapige picha za mahali wanaposomea na vitu wanavyobeba, wengine wakachora kwenye ramani safari zao za siku nzima, wengine wakachora maktaba wanayoitamani. Kilichoonekana wazi ni umbali kati ya ratiba ya wakutubi na ratiba ya wanafunzi, kwa kuwa kazi nzito ya kusoma na kuandika ilikuwa ikifanyika usiku, wataalamu wakiwa wamelala. Njia hizo zinawezekana Mtwara kwa gharama ndogo zaidi. Simu ya mkononi inatosha kuwa kamera, ramani hutolewa nakala steshenari, na mchoro wa eneo bora unaweza kufanywa na watu sita kwa kalamu za rangi na karatasi kubwa, kila mmoja akieleza alichokichora. Maelezo ndiyo yenye thamani. Aliyechora bwawa la kuogelea hahitaji bwawa, huenda anasema joto limemshinda.

Joto ndilo linaloufanya utafiti wa Mtwara uwe na kalenda yake. Mkoa huu hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Mji uko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena Februari. Mitihani ya muhula wa kwanza huwakuta watu kwenye fukuto, mvua na mbu. Ile ya muhula wa pili huwakuta Julai, kusi ikivuma na usiku ukiwa na ubaridi unaovumilika. Utafiti uliofanywa Julai peke yake utasema vimbweta vinatosha na paa halihitajiki. Uliofanywa Februari utaomba ukumbi wenye feni. Kila mmoja una nusu ya ukweli. Asiyeweza kusubiri mwaka mzima afanye mizunguko miwili mifupi, mmoja katika kila msimu.

Kalenda ina mengine. Wiki za mwanzo wa muhula wa kwanza, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, si kipimo cha mahudhurio, kwani familia nyingi za mkoa hulipa ada na kodi za vyumba kwa fedha ya msimu huo, na mwanafunzi huenda akachelewa hadi ipatikane. Ramadhani hurudi nyuma kwenye kalenda takriban siku 11 kila mwaka. Inapokutana na muhula, saa za jioni hutoweka kwa futari na tarawehe, na kusoma huhamia usiku wa manane, karibu na daku. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Mtwara, chuo kinachofunga taa za eneo la kusomea saa 4 usiku mwezi huo kinawafungia wanafunzi wake nje.

Jambo la ruhusa lisisahauliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na chuo hakiko nje yake. Anayehojiwa aelezwe taarifa zake zitatumika wapi, aweze kukataa bila kuogopa alama zake, na jina lake lisiandikwe kwenye daftari la mahojiano. Msichana anayesema anaogopa njia fulani usiku asitambulike katika ripoti kwa kozi yake na hosteli yake.

Maelezo yakikusanyika, yaenezwe kwenye ukuta mmoja: kila tukio kwenye kikaratasi chake, likiwa na saa na mahali. Vikaratasi vipangwe kwa saa, kisha kwa mahali, kisha kwa sababu ya kuhama. Migongano itatokea, na isisuluhishwe haraka. Kikundi cha majadiliano kinataka kusema kwa sauti, anayepiga msuli peke yake anataka kimya, na wote wanataka kivuli kilekile cha saa 9 alasiri. Hapa kutenganisha kwa umbali au kwa ukuta hufaa kuliko bango la "Kimya Tafadhali", ambalo hakuna aliyewahi kulitii akiwa na mtihani kesho.

Kisha lijaribiwe jambo kabla ya kujengwa. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo tamu kuliko zote. Viti vya plastiki 40 na meza za kukodi, vilevile vinavyokodishwa kwa harusi, huwekwa eneo linalofikiriwa kwa wiki mbili pamoja na turubai la kivuli na taa mbili. Hakuna anayeelekezwa akae wapi. Jioni viti hupangwa safu nadhifu, na asubuhi, kabla havijaguswa, hupigwa picha mahali vilipoachwa. Viti vilivyosogezwa ni maoni yaliyoandikwa kwa miguu. Vitatu vimegeuziwa mgongo njia, kwa kuwa wapita njia husalimia na kukatiza masomo. Saba vimesukumwa kuwa duara, kumbe kikundi cha kawaida si cha watu wanne. Kimoja kimebebwa hadi chini ya taa ya mlinzi, mita 60 kutoka vingine. William H. Whyte, aliyepiga filamu viwanja vya wazi vya New York na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, aliona watu wakisogeza kiti kidogo tu kabla ya kukikalia, hata pasipo na haja. Uhuru wa kusogeza ulikuwa na thamani yake wenyewe. Kimbweta humnyima mtu uhuru huo, na kwa hiyo meza chache zisizohama zichanganywe na mabenchi ya mbao yanayobebeka, hata kama mabenchi hayo yatalazimika kuingizwa ndani usiku.

Jaribio likikubali, ndipo fundi aitwe, na matokeo yageuzwe kuwa maagizo anayoweza kuyapima kwa futi. Banda la kusomea Mtwara linafaa pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la mchana litazuiwa na paa, ncha fupi za mashariki na magharibi zitazuia jua la asubuhi na la jioni linaloingia kwa chini, na pepo zote mbili, kusi na kaskazi, zitapita katikati. Bati hunguruma mvua ikinyesha kiasi cha kuua mjadala. Makuti ni baridi na kimya, ila hushika moto na hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, hivyo lazima fungu la matengenezo liwepo tangu mwanzo. Nyumba za zamani za Mikindani zina somo lao hapa: baraza ya mbele ya nyumba, ukuta mnene nyuma na uwazi mbele, humpa mkaaji kivuli, mgongo wa kuegemea na macho ya kuona nani anakuja.

Mchanga wa ufukweni usitumike katika zege lenye nondo, kwani chumvi yake hula chuma na kupasua meza. Hewa ya bahari hushambulia soketi pia, kwa hiyo ziwe na vifuniko, ziwe juu ya usawa wa maji ya mvua, na ziwe nyingi kiasi cha kuondoa sababu ya ekstensheni kutambaa kwenye majani yaliyolowa. Kila kundi la vimbweta liwe na kimoja chenye upande usio na kiti, ili kiti cha magurudumu kiingie. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai mazingira yafikike, na upande huo mtupu hauongezi gharama hata shilingi moja. Jua likizama muda mfupi baada ya saa 12 jioni giza huingia upesi, kwa hiyo taa ziifuate njia yote hadi hosteli na hadi choo. Eneo lenye mwanga lililozungukwa na giza humfaa anayelala hapohapo tu.

Matokeo yabandikwe mahali wanafunzi wanapopita, kwa Kiswahili, yakiwa na safu tatu: kilichosemwa, kilichofanyika, na kilichoshindikana pamoja na sababu yake. Waliohojiwa wakiona neno lao ukutani, hata lile lililokataliwa, mzunguko unaofuata utapata watu wa kuwahoji. Na mzunguko huo uwepo. Hesabu ileile ya mwanzo irudiwe baada ya mwaka kwa njia ileile na saa zilezile, Februari ilinganishwe na Februari na Julai na Julai. Swali la jana waulizwe tena wale wa pembezoni, akiwemo mwalimu wa Kilambo, safari hii akiwa ameshuka na begi lake siku ya kwanza ya mitihani: alipofika, alikaa wapi?